Mkole wa Upinde wa Dada

Nyani wa Mabamba, kule mpakani na Burundi, hawamwogopi mwanamke. Mkulima yeyote mwenye shamba kando ya msitu atakuambia hivyo bila kupepesa macho. Mwanamume akitokea juu ya shamba, hata kama ni mgonjwa anayekohoa, kundi lote linaruka kurudi mitini. Mwanamke akitokea na debe lake, akalipiga na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka, dume kubwa linamtazama, linachuma hindi jingine na kuendelea kutafuna, kama mteja wa mgahawani anayeona mhudumu anapita.

Kwa sababu hiyo, nilipofika kwa dada yangu siku chache kabla ya Krismasi, nilimwona marehemu mume wake amesimama shambani. Koti lake la mvua, kofia yake ya duara, suruali yake ya kaki iliyokunjwa miguuni. Mtu tuliyekwisha kumzika. Nilisimama barabarani na begi langu mgongoni, miguu imekataa, mpaka yule mtu alipogeuka na kuweka mkono kiunoni kama alivyokuwa akiweka mama yetu. Ndipo nikajua ni dada.

"Usinicheke," alisema kabla hata ya kunisalimia.

"Sijacheka."

"Macho yako yanacheka."

Alinieleza huku tukishuka kuelekea nyumbani. Mwanzoni nguo zile zilifanya kazi. Nyani waliona koti wakakimbia. Baadaye wakaanza kuchungulia kutoka kwenye matawi, wakakaa chini, wakamchunguza. Sasa walikwisha kumjua.

"Nadhani ni mwendo," alisema. "Ninatembea kama mwanamke."

"Basi tembea kama mwanamume."

"Mwanamume anatembeaje?"

Nikamwonyesha. Nilitembea hatua kadhaa mbele yake, mabega juu, mikono imeachana na mbavu. Alinitazama mpaka mwisho.

"Hivyo ndivyo mlevi anavyotembea," alisema.

Tulicheka, lakini jikoni, tulipokuwa tukila maharage na ugali wa muhogo, alinieleza jambo lenyewe. Msimu uliopita nyani walimaliza shamba lote. Alivuna magunzi. Baada ya mavuno hayo, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye wote tunamwita shemeji, alimjia na kumwambia kwa upole kabisa kwamba shamba la kando ya msitu linahitaji mwanamume. Kama mwaka huu nao mahindi yataliwa, ukoo utalirudisha na kuwapa vijana wake walime, na yeye dada atapewa kiwanja cha mboga nyuma ya nyumba ya shemeji. Alisema kwa upole. Hilo ndilo lililomuuma dada zaidi.

"Ile ardhi nimeilima tangu nilipoolewa," alisema. "Yeye mume wangu alikuwa mtu wa baiskeli, biashara yake ilikuwa ndizi za kuvusha mpaka. Shambani alikuja kupunga mkono tu. Nyani wakaogopa mkono wake."

Mimi ni mtu wa njia. Nilimaliza kidato cha nne Kasulu na tangu hapo sijakaa mahali nikaona mti niliopanda mwenyewe ukitoa kivuli. Nimechoma tumbaku Kaliua, nimevuta nyavu za dagaa ziwani, nimebeba mawe ya dhahabu ya watu wengine huko Geita. Nyumbani kwa baba na mama hakuna aliyebaki, kwa hiyo ninapochoka na njia ninakuja kwa dada, ninakaa mpaka miguu inaanza kuwasha, kisha ninaondoka. Safari ile nilikuja nikiwa na nia ya kukaa mpaka mwaka mpya. Lakini nilipomwona amekaa na suruali ya marehemu, akichochea moto, nilisema kitu ambacho sikuwa nimekipanga.

"Nitatengeneza upinde."

"Unajua kutengeneza?"

"Baba alikuwa akitengeneza."

"Nimekuuliza wewe."

"Nitajua," nikasema.

Hatukuwa na njia nyingi. Bunduki ni habari ya vibali na maofisa. Sumu inaua mbwa na kuku wa jirani kabla haijamfikia nyani. Mbwa wenyewe, dada alikuwa naye mmoja mkali, dume lile likampasua tumbo. Lakini wazee wetu wa Buha, nchi ya Waha, walilinda mashamba kwa mshale usio na chuma, mshale wenye kichwa cha mti kilichochongwa duara kama rungu dogo. Hauui. Unapiga ubavu, unauma siku nzima, na mwenye kuumia anakumbuka umetoka wapi. Debe linatoa kelele tu. Upinde unafika mitini alikokaa nyani.

Kesho yake niliteremka bondeni na panga. Kando ya kijito niliona mikole imesimama mirefu, laini, haina kifundo hata kimoja, na nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Mkole ndio mti wa upinde kwetu, kila mtu anajua hilo. Nilikata mmoja unene wa mpini wa jembe, nikauchonga ukiwa bado mbichi kwa sababu sikuwa na subira, nikafunga kamba. Ulipinda vizuri. Mshale wa kwanza uliruka mpaka ng'ambo ya njia. Nikauacha na kamba yake juu ya ukuta wa jikoni, na kufika jioni upinde ulikuwa umelala. Nilifungua kamba, mti ukabaki umepinda vilevile, kama mgongo wa mtu aliyezoea mzigo. Mshale uliofuata uliangukia miguuni pangu.

Shemeji alikuwapo. Alikuja mara kwa mara siku hizo, anasimama na fimbo yake, anauliza hali. Ni mtu wa makamo aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa amebebwa mgongoni, akakulia hapa, akapata uraia hapa, ana mashamba mazuri na kiti cha mbele kanisani. Aliuokota ule upinde wangu, akauangalia kwa jicho moja.

"Huu ni wa kupigia muziki," alisema.

"Nitatengeneza mwingine."

"Ego, ndiyo, tengeneza. Nyani wanapenda muziki."

"Shemeji, hawa nyani wenu wametoka Burundi?" nikamwuliza, ili nami nirudishe kidogo.

"Oya, hapana. Hawa ni Watanzania," alisema. "Huoni wanavyokula shamba la mtu bila haraka?"

Hata dada alicheka. Lakini alipoondoka, dada alisimama akitazama mgongo wake mpaka ukapotea kwenye migomba.

Nililala nikifikiri, na kilichonirudia ni mkono wa baba juu ya gome la mti. Nilikuwa mdogo, kwenye kilima cha mawe nje ya Kasulu, na baba alikuwa akipita kutoka mkole mmoja hadi mwingine akiwa hasemi. Aliushika mti, akapitisha kiganja kutoka chini kwenda juu, kisha akauacha. Mti ambao gome lake linazunguka kama kamba aliuacha, kwa sababu gome likizunguka, nyuzi za ndani nazo zimezunguka, na upinde wake utajigeuza mkononi. Mti wa kando ya maji hata hakuugusa. "Huu umekula sana," alisema mara moja, na nilidhani anafanya mzaha. Alitaka mkole uliokulia kwenye mawe, uliopata shida kidogo kila mwaka, ukaongezeka taratibu. Kisha aliukausha muda mrefu. Mambo haya yote nilikuwa nayo kichwani tangu utoto, lakini yalikuwa yamekaa kama nguo kwenye sanduku la mtu mwingine.

Kwa hiyo nilipanda basi kwenda Kibondo, na kutoka Kibondo kwenda Kasulu. Lami imefika sasa. Safari iliyokuwa ikitujaza vumbi masikioni unaimaliza huku umesinzia. Nilishuka kabla ya mjini, nikatembea kuelekea kilima cha baba, na nusura nikipite bila kukijua. Mteremko mzima ulikuwa mikaratusi iliyopandwa kwa mistari. Nilizunguka upande wa pili. Huko palikuwa na matanuri ya mkaa yaliyozimika, ardhi nyeusi, visiki. Nilikaa juu ya jiwe. Nakumbuka nilikuwa na hasira ya mtu anayerudi baada ya miaka mingi na kukuta watu wamepanga upya vyombo vya mama yake, ilhali yeye hakuwapo kusaidia kuviosha.

Ningeweza kuondoka pale. Stendi haikuwa mbali, na kutoka Kasulu unaweza kwenda popote. Lakini nilikuwa nimesema "nitajua." Niliinuka, nikaanza kupanda mahali ambapo mpanda mikaratusi asingepanda na mchoma mkaa asingejisumbua, kwenye nyufa za majabali kileleni. Mkole hauwi mti mkubwa, mkaa wake ni kidogo. Watu walikuwa wameuruka. Niliikuta pale, mifupi, myembamba, mingi imepinda, michache imenyooka. Niliipitishia kiganja kama baba. Nikamwuliza mzee mwenye shamba la chini kama ninaweza kukata. Akasema kata, lakini usiguse mikaratusi, ina mwenyewe. Nikarudi Mabamba na mzigo wa fito umefungwa kwa kitenge, na konda wa basi akiniuliza kama kwa dada yangu hakuna miti.

Kukausha mti wakati wa mvua ni kazi ya jikoni. Juani utapasuka, nje utaoza. Kila jiko la zamani kule lina uchaga wa fito juu ya mafiga, mahali panapokaa mbegu za mahindi na nyama ikiwapo, moshi unapita siku nzima. Nilizipanga fito zangu pale. Dada alipika chini yake. Kila siku nilizigeuza, na kila nilipozigeuza aliniambia ninamwagia masizi kwenye mboga.

Wakati huo wote tulilinda kwa mawe na sauti. Nyani waliniona, wakakimbia, wakarudi nilipokwenda kuoga. Mahindi yalifika kiunoni, yakapita kichwa, yakatoa mbelewele. Mwishoni mwa Januari niliteremsha fito moja, nikaigonga kwa mgongo wa panga ikalia kavu. Niliichonga polepole, mara hii bila haraka, nikaisawazisha kwa kipande cha chupa, nikaipasha motoni na kuipaka mawese mpaka ikawa nyekundu na kung'aa. Nilifunga kamba ya nailoni ya wavuvi. Kuuvuta upinde ule kulinilazimu kutumia mgongo wote. Mshale wenye kichwa cha mti ulivuka shamba, ukapiga shina la mninga upande wa pili na sauti yake ikaturudia.

Siku ya pili nililipiga dume kwenye paja. Lilibweka, likaruka juu, likatua likiwa tayari limeelekea msituni, na kundi lote nyuma yake. Dada aliimba njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilijiona nimemaliza.

Juma lililofuata nilikwenda Kibondo kununua misumari na chumvi. Nilichelewa kurudi, nikakuta dada amekaa katikati ya shamba juu ya mabua yaliyovunjwa. Walikuwa wameingia mara tu baada ya mimi kuvuka kilima. Kona nzima ya upande wa msitu ilikuwa chini, mahindi machanga yameumwa mara moja moja na kutupwa. Upinde wangu ulikuwa umelala kando yake.

"Umejaribu?" nilimwuliza.

"Nimejaribu."

"Ikawaje?"

Akauchukua, akasimama, akavuta. Alikuwa na nguvu, dada yangu, amebeba maji na kuni tangu hajafika miaka ishirini. Kamba ilisogea kidogo, ikasimama hapo. Aliuachia.

"Musaza wanje," alisema, ndivyo kaka anavyoitwa na dada yake kwa Kiha. "Wewe unakaa hapa mpaka lini?"

Miguu yangu ilikwisha kuanza kuwasha tangu Januari, na alijua.

"Umetengeneza upinde wako," alisema. "Ukiondoka, utabaki huu mti na mimi na wale. Shemeji anasubiri tu."

Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa. Nilitembea mpaka jikoni nikiwa na mpango: kuteremsha fito nyembamba kuliko zote, kuichonga iwe laini zaidi. Nilijua shida yake hata kabla ya kuanza. Dada ni mfupi, mikono yake mifupi. Upinde wake lazima uwe mfupi, na mkole wa mawe ukiufupisha na kuupunguza unakuwa kama kioo. Nilijaribu hata hivyo. Ulivunjika mkononi mwangu kabla ya kufika nusu, na kipande kikaruka mpaka kwenye sufuria.

Nikapanda tena juu ya kigoda kutafuta nyingine, na nyuma kabisa ya uchaga, kwenye masizi, nikakuta fito ambayo haikuwa yangu. Fupi, nyembamba, imenyooka, kavu. Nilijua haikuwa yangu kwa sababu mimi nilikata zangu kwa panga kali na hii ilikuwa imekatwa kwa shoka la kuni.

"Huu mti ni wa nani?"

"Wangu," alisema dada kutoka mlangoni.

"Umeuweka lini?"

"Ulipoweka za kwako."

Niliuteremsha, nikaugeuza kwenye mwanga. Kisha nikaona gome lililobaki kwenye ncha, jembamba, lenye kuchunika kama utepe, nikaurudisha kwake.

"Dada, huu ni mkole jike."

Kwetu tunatofautisha. Mkole dume ni ule wa baba, mgumu, wa mawe. Mkole jike ni mdogo, unaota juu ya vichuguu, majani yake yana manyoya, na wanawake huchuna gome lake kufungia mizigo ya kuni. Upinde wa mkole jike sijawahi kuuona, na baba angecheka mpaka akae chini.

"Ninajua ni jike," alisema. "Unajua ninaujuaje? Nimeufunga kwenye mizigo miaka yote hii. Kuni nyingine unaweka gotini, unavunja, tak. Huu hauvunjiki. Unaukunja, unakurudia usoni. Hiki," akanionyesha alama ndogo chini ya jicho, ambayo siku zote nilidhani ni ya utotoni, "hiki ni mkole jike. Wanawake wote hapa wanautukana. Kama nyinyi mnatafuta mti unaokunjwa na kurudi, mnaenda Kasulu kufanya nini?"

Nikachukua panga.

Shemeji alitukuta uani jioni ile. Mimi nilikuwa nikichonga, dada akiwa amesimama wima na mkono ameunyoosha mbele ili nipime urefu. Alielewa mara moja. Kwa mara ya kwanza sikuona mzaha usoni mwake.

"Upinde wa nani?"

"Wangu, shemeji," dada alisema. Mkono haukushuka.

"Oya." Alichomeka fimbo yake ardhini. "Hilo hapana. Mwanamke hashiki upinde. Hata kuuruka hauruki ukiwa umelazwa chini. Unajua kwa nini."

"Ninajua."

"Sema basi, kaka yako asikie. Labda amesahau, amekaa sana na watu wa tumbaku."

"Mwanamke akishika upinde, mkono wa mume wake unalegea," dada alisema. "Akivuta, hautapiga tena."

"Ego. Sasa?"

Dada alitazama upande wa migomba, mahali lilipo kaburi, saruji yake bado ina rangi mpya.

"Mume wangu yuko pale, shemeji. Ni mkono wake upi utakaolegea?"

Niliacha kuchonga kwa sababu kipande cha chupa kilikuwa kikitoa sauti kubwa mno. Shemeji alimpenda mdogo wake. Walivuka pamoja, mmoja mgongoni, mwingine tumboni mwa mama. Alitazama kaburi muda mrefu. Mwiko ule ulikuwa umewekwa kumlinda mtu, na mtu huyo hakuwapo, na kila mmoja wetu pale uani alikuwa akitafuta mwiko unamlinda nani sasa.

"Watu watasema," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo zaidi.

"Waseme. Nyani hawasemi, wanakula."

Aling'oa fimbo yake. "Mavuno yataonyesha," alisema, akaenda.

Mkole jike ulinifundisha upya. Mkole wa mawe unauchonga kwa hofu. Huu uliniacha niupunguze, niujaribu, niupunguze tena, na kila nilipofungua kamba ulirudi ukanyooka. Nilimwita dada kila mara avute. "Bado," alisema. "Bado." Kisha siku moja akavuta mpaka kamba ikagusa kidevu, akashikilia, akanitazama kwa pembeni. Niliweka panga chini.

Alijifunza kwa gunia la majani ya mahindi lililotundikwa kwenye mpera. Siku za kwanza alipiga mpera, alipiga banda la kuku, mara moja alipiga sufuria yake mwenyewe na kunilaumu mimi. Hakuacha. Alikuwa akitoka kanisani anabadilisha kitenge na kwenda moja kwa moja uani. Nilipomwambia apumzike, alisema nyani hawana Jumapili. Vidole vilichubuka, akavifunga kitambaa, akaendelea. Wanawake wawili wa jirani walianza kuja kutazama, mwanzoni wakiwa wamesimama barabarani, baadaye wamekaa.

Nilikubaliana naye kwamba siku ya kujaribu nisionekane. Nilikaa ndani ya jiko mlango ukiwa wazi nusu, karibu na moto, mahali ambapo ningeona kona ya shamba. Asubuhi mapema ilikuwa imenyesha. Dada alikwenda na kitenge chake, kilemba chake, mwendo wake. Suruali ya marehemu aliiacha imekunjwa kitandani. Alikaa kwenye kisiki.

Walikuja wakati ukungu unaondoka. Waliteremka bila haraka, wakamwona, dume likakaa chini kwenye mstari wa kwanza na kuvuta hindi. Dada alisimama. Mshale wa kwanza ulipita juu ya kichwa cha dume. Dume likageuka, likautazama mshale ulipoangukia, kisha likamtazama yeye, na likaendelea kumenya. Niliinuka. Nilishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, kwa sababu kama ningetoka nje, wangekimbia, na wangekuwa wamenikimbia mimi.

Hakugeuka kunitafuta. Alichukua mshale wa pili, akasogea mbele hatua chache, akawa karibu kiasi ambacho nilitaka kumwita. Akavuta mpaka kidevuni. Nilisikia pigo kabla sijaelewa nilichokiona: mbavuni, chini ya kwapa. Dume lilitoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa mishale yangu, sauti ya mshangao. Hindi likaanguka. Dada alikwisha kuweka mshale wa tatu na alikuwa akitembea kuelekea kwao, kwa mwendo wake ule ule wa kubeba maji, na kundi lote likapanda, likavuka, likapotea. Aliwafuata mpaka kwenye miti ya kwanza. Akasimama pale, akapiga shina moja kwa makusudi, ili wasikie.

Walirudi siku nyingine, bila shaka. Nyani hakati tamaa kwa ubavu mmoja. Lakini walirudi kwa kuchungulia, na kila walipoona kilemba walitazama mikono kwanza. Mimi nilikwenda Kibondo, nikaenda hadi Buhigwe kumtembelea rafiki, nikakaa huko kwa makusudi. Niliporudi mahindi yalikuwa yamesimama na nywele zake zimekauka.

Siku ya kuvuna shemeji alikuja na ndugu wengine wa ukoo. Walipita mistari, walihesabu kwa macho tu, walikaa kwenye lundo la mahindi yaliyomenywa kama watu waliochoka. Dada alileta uji wa mtama. Shemeji alikunywa wote kabla ya kusema.

"Shamba ni lake," aliwaambia ndugu zake, bila kumtazama dada. "Asije mtu kuniuliza tena." Kisha akamgeukia. "Lakini ule upinde ukae ndani. Usionekane barabarani."

"Utakaa pale nyani watakapouona, shemeji."

Mmoja wa wale ndugu alikohoa ndani ya kikombe. Shemeji alizungusha fimbo yake mikononi, akatazama msitu, akatazama shamba lake mwenyewe upande wa chini, ambalo nalo lilikuwa na kona iliyoliwa.

"Huo mkole jike," alisema, "unapatikana wapi hasa?"

"Kwenye mzigo wa kuni wa mke wako," dada alimjibu. "Mwulize yeye."

Nilikaa mpaka mahindi yakapanda darini, kisha nikafunga begi. Kulikuwa na kazi ya tumbaku Urambo na mtu alikuwa akinisubiri. Asubuhi ya kuondoka nilimtafuta dada nyumbani, sikumkuta. Nilimwona kwa mbali, ng'ambo ya mstari wa mwisho wa mabua, upande wa msitu kabisa, mahali ambapo hakuna aliyewahi kulima. Alikuwa amesafisha kipande kirefu cha majani na sasa anakiinua kwa jembe, upinde umelazwa juu ya kichuguu karibu na mkono wake. Nilimwita kumuaga. Alinyoosha mgongo, akafuta jasho kwa kilemba.

"Nenda salama," alisema. "Mimi nina kazi hapa," akainua jembe tena.